Sifuri ya Jirani

Kwa miaka thelathini na moja mwanamke huyu alipima uzito wa watoto wa watu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyemshukuru. Walimlilia. Aliwatia kwenye suruali ya mizani, mguu huku na mguu huku, akawaning'iniza kwenye ndoano kama mfuko wa vitunguu, akasoma, akaandika, akawashusha. Kilio kilianza kabla ya ndoano na kwisha baada ya kupewa ziwa. Mama zao walimwita Mama Mizani, na jina likamganda kiasi kwamba siku mganga mkuu alipotaka kumtunuku cheti cha utumishi mwema ilibidi aulizie jina lake halisi. Aliuliza kwa mtu asiye sahihi. Cheti kikatoka na jina la mtu wa stoo. Mama Mizani alikitundika hivyo hivyo juu ya meza yake, akisema wa stoo naye alistahili.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa ukumbi wa kliniki, baada ya chanjo na kabla ya choo. Kulikuwa na meza, rula ya mbao iliyolika upande mmoja, kalamu ya bluu, kalamu nyekundu, na mizani. Ukimwuliza kazi yake hakusema kupima. "Kupima hata muuza nyama anapima," alisema. Kazi yake ilikuwa mstari. Kila kadi ya mtoto ina nafasi ya kuweka nukta ya uzito wa siku hiyo, na nukta ya leo huunganishwa na ya mara iliyopita. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Mstari ukilala, nyumbani kuna neno.

"Amechoka tu huyu," mama angesema. "Anaota meno."

"Meno hayali uji, mwanangu. Mstari umelala."

"Lakini anacheza vizuri."

"Hata mimi nacheza vizuri. Mlete wiki ijayo."

Mtoto aliyelala mstari aliitwa kila wiki, na akilala wiki tatu mfululizo hapakuwa na mjadala: barua ya rufaa, hospitali, leo hii. Wapo watu wazima mitaani wanaotembea kwa sababu ya ukaidi huo. Hawajui, na wangejua wangekumbuka ile suruali tu.

Mume wake alikufa mapema. Watoto hakujaliwa, na watu walikuwa na adabu ya kutomwuliza, ukiacha wale wasiokuwa nayo. Aliishi na dada yake mkubwa, opareta wa simu mstaafu, aliyeunganisha mazungumzo ya watu kwa robo karne bila kusikiliza hata moja, na kwa bahati tu akayajua yote. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na redio moja. Dada alikuwa na maoni kuhusu kila kitu, Mama Mizani alikuwa na namba, na kwa namna hiyo waliishi bila kugombana zaidi ya mara mbili kwa siku.

Mchezo ulikuja na simu. Simu yenyewe alinunua kwa fundi, iliyokwisha tumika, yenye ufa kwenye kona, na fundi hakujisumbua kufuta vitu vya mwenye nayo wa zamani. Humo ndani mlikuwa na mji. Ulikuwa na vibanda vitatu, ghala moja, na watu kumi na wanne waliokaa tu, mchezo wenyewe haujaanzishwa, na juu yake kumeandikwa: Ukuaji, 0.0. Mama Mizani alikusudia kuufuta. Alishika simu kwa dakika nzima, kidole hewani, halafu akajenga ghala la pili. Sifuri ile ilimkera kikazi.

Basi kila siku saa saba mchana, mama wa mwisho wa asubuhi akishaondoka na mtoto wake mgongoni, alifunga mlango, akala viazi vyake vya kuchemsha kutoka kwenye kopo, akalisha mji. Alijifunza upesi kwamba mchezo ule, pamoja na ngome zake na mapanga yake na tarumbeta, ulikuwa ni kliniki. Nafaka ikizidi, watu huongezeka. Nyumba zikizidi nafaka, ukuaji hushuka. Ukiweka askari wengi, wanakula bila kuzaa. Wenzake walijenga minara. Yeye alinunua daftari, akachora mistari.

Punde akaingizwa kwenye muungano wa miji tisa, chini ya mtu aliyejiita Jemadari na ambaye hakuna aliyejua alikuwa nani mchana. Watu wa muungano walitoka pembe zote za dunia na hawakuwa na lugha moja. Walitumiana picha ndogo ndogo: ngao, mkono, moto, gunia. Yakizidi hayo, Jemadari aliandika sentensi mbili za lugha ya kubabaisha. Mama Mizani aliwatumia namba. Kila siku alimpa kila mmoja ukuaji wa mji wake kwa asilimia, na wa kesho kama angesikia la mkuu. Baada ya mwezi muungano uliokuwa wa mwisho ukawa wa nne. Wakampa cheo: Bibi wa Hesabu. Hiki cheo kilikuwa na jina lake, angalau la kubandika.

Na yeye ndiye aliyewaletea sheria ya wiki tatu. Kila msimu ulikuwa na mji mmoja au miwili iliyotelekezwa na wenyewe, ikadhoofika mpaka adui akaja kuichukua pamoja na maghala yake. Mama Mizani akapendekeza dawa aliyoijua: mji ukilala wiki tatu mfululizo, jirani yake anayepakana naye afungue lango, muungano ugawane nyumba na nafaka kabla adui hajafika. Katika mchezo ule miji inayopakana hupeana funguo za malango, kwa hiyo hapana mwingine anayeweza kufungua. Walipiga kura kwa picha ya mkono. Mikono tisa.

Mtu aliyepakana na mji wake, aliyekuwa na ufunguo wake naye akiwa na wake, Mama Mizani alimwita Jirani. Jina alilotumia mwenyewe halikutamkika. Jirani alikuwa mtu wa kujenga nyumba kabla ya maghala, kosa la watu wenye moyo mzuri, na Mama Mizani alitumia wiki nne kumrudi kwa namba: 2.1, ungekuwa 3.4. Siku ya ishirini na tisa Jirani akajenga ghala. Namba ikapanda. Jirani akatuma picha ya mkono, na kuanzia hapo wakawa wanaandikiana kila saa saba mchana, namba kwa namba, kama wazee wawili kwenye bao.

Kuna jambo lililowafunga zaidi. Siku moja Mama Mizani aliandika kwamba kwa ukuaji wa asilimia tano kwa siku, mji wa Jirani utaongezeka kwa asilimia sabini katika siku kumi na nne. Tano mara kumi na nne, ni sabini, mtoto wa darasa la tatu anajua. Jirani akajibu: 98. Mama Mizani akaandika tena 70, kwa herufi kubwa kama namba zingekuwa na herufi kubwa. Jirani: 98. Mama Mizani akala viazi siku hiyo bila chumvi kwa hasira. Siku mbili nzima alikaa na daftari, akizidisha siku kwa siku, kwa sababu watoto wanaozaliwa leo nao kesho huzaa, jambo ambalo kwenye kliniki yake lilikuwa halijawahi kutokea. Ikatoka tisini na nane kasoro kidogo. Akatuma picha ya mkono. Jirani akatuma ua.

"Nani huyo anakutumia maua?" dada aliuliza, akichungulia begani.

"Jirani."

"Wa upande gani? Huyu wa mbwa?"

"Wa kwenye mchezo."

"Mume, mke?"

"Sijui."

"Mdogo wangu, mwaka mzima unaongea na mtu, hujui ni bwana au bibi?"

"Najua anakua kwa tatu nukta sita."

Dada akasema ameunganisha wachumba wengi katika maisha yake, ila hawa ni wa kwanza kutongozana kwa desimali.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe tatu. Badala ya namba, Jirani alituma picha: karatasi iliyokatwa kutoka kwenye daftari, mistari kumi na moja ya penseli, herufi kubwa zilizotikisika, baadhi zikipanda juu ya nyingine. Kesho yake ukuaji wa mji wa Jirani ukasomeka 0.0. Mama Mizani alituma namba. Hakujibiwa. Jumapili, 0.0.

Aliitazama ile barua mpaka akaijua kwa macho bila kujua neno. Alimwonyesha Jemadari, naye akasema haijui, na wengine wakatuma picha ya mabega yaliyoinuliwa. Alijaribu mashine ya kutafsiri ya kwenye simu. Mashine haikuweza kusoma mwandiko, ikabidi anakili herufi moja moja, zenye mikia na vijiti juu yake, kwa kuzitafuta kwenye kibodi kama mtu anayechambua mchele. Mashine ikafikiri, ikasema: Kiaislandi. Halafu ikatafsiri: Farasi ni mpole katika ngazi ya vuli, mjomba.

"Hebu rudia," dada alisema.

"Farasi ni mpole katika ngazi ya vuli, mjomba."

"Huyo jirani yako ana mambo."

Wiki ya pili alikwenda chuo cha ualimu, mtaa wa nyuma ya kliniki, kwa mkutubi. Huyu alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye aliwahi kumleta mwanawe kupimwa na kusoma kitabu kizima foleni ikisogea. Hakuuliza barua inahusu nini. Watu wa maktaba, kama wa mapokezi ya hospitali, wana aina mbili tu: wanaouliza kila kitu na wasiouliza chochote.

"Mashine imesema Kiaislandi," Mama Mizani alisema.

"Basi tusiandikie mate na wino upo. Tuangalie."

"Wino upo, Mwalimu. Ndio hausomeki."

Mkutubi alikuwa na kamusi ya Kiaislandi, zawadi ya mtu aliyekufa, haijawahi kuazimwa. Walikaa nayo siku tatu za mapumziko ya mchana, na viazi vikaliwa na watu wawili. Maneno machache yalifanana. Mengine yalifanana kama mtu na shemeji yake: uko uhusiano, lakini si wa damu. Wiki ikaisha. Mji wa Jirani, 0.0. Mama Mizani aliweka nukta kwenye daftari lake, karibu na nukta ya wiki iliyopita, na kuziunganisha kwa rula. Mstari ulilala kama barabara.

Ni katika siku hizo dada alipochungulia tena begani kwake, akasema, "Mbona mji wako umenenepa hivi?"

"Ni msimu wa mvua kwenye mchezo," Mama Mizani alijibu bila kuangalia. Alichora mistari ya miji minane. Wake hakuwahi kuuchora. Mpimaji hajipimi, hata mizani ya kliniki haikuwa ya watu wazima.

Jumanne ya tarehe ishirini na moja, wiki ya tatu, alimjia mkutubi na karatasi. Alikuwa amechoka na maneno, akafanya alichokijua: alihesabu. Herufi ile ya d yenye mkasi juu, mara thelathini na sita. O yenye kijiti kinachoikata, mara kumi na mbili. A yenye duara kichwani, hakuna. Na ile herufi ya Kiaislandi inayofanana na p iliyoota tumbo, ambayo kwenye kamusi imejaa kila ukurasa kama inzi, haipo hata moja.

"Mistari kumi na moja na haipo hata moja," alisema. "Mtoto haongezeki wiki, naelewa. Lakini haji kliniki bila kichwa."

Mkutubi aliinuka. Alileta kitabu kinene cha lugha za dunia, chenye kurasa za mifano ya maandishi, wakaanza kuzitoa moja moja. Kifini kikaenda kwanza, kwa kuwa kinapenda kurudia irabu na barua haikurudia. Kiswidi kikaenda na nukta zake mbili mbili. Kidenmaki na Kinorwe vilikuwa na o ya kijiti, ila havikuwa na d ya mkasi, na a ya duara visingekosa hata moja. Kiaislandi kilikuwa na d, hakina o. Ilibaki robo ya ukurasa chini kabisa, karibu kukatwa na mshona kitabu. D ya mkasi ipo. O ya kijiti ipo. Ile yenye tumbo haipo. Ile yenye duara haipo.

"Kifaroe," mkutubi alisoma.

"Kifaru?"

"Kifaroe, mama. Visiwa. Watu kama elfu hamsini."

"Tu? Kliniki yetu ina kadi nyingi kuliko hao."

Walicheka, na huo ndio wakati wa furaha katika habari hii, hakuna mwingine. Mkutubi alitafuta anwani ya maktaba moja ya huko, akaandika barua pepe ya adabu, akaambatisha ile picha. Jibu likaja kabla hajatoa mkono kwenye kibodi. Mama Mizani alisimama. Herufi zilikuwa zile zile, d za mikasi na o za vijiti, zimejaa tele! Walikuwa wamepatia. Wakaitazama kwa fahari barua wasiyoelewa, mpaka mkutubi alipoona namba ndani yake, 27, na sahihi ya mashine, isiyo na jina la mtu.

"Ni jibu la kujiendesha," alisema polepole. "Nadhani wanasema wamefunga. Mpaka tarehe ishirini na saba."

"Jumatatu."

"Jumatatu."

Ishirini na nne ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ndipo wiki tatu zilikuwa zinatimia. Msimu wa mchezo ulifungwa Jumamosi, na adui alikuwa amekwisha kuweka kambi upande wa kaskazini wa mji wa Jirani. Mama Mizani aliomba siku tatu kwa Jemadari. Jemadari alijibu kwa sentensi zake mbili: "Bibi wa Hesabu, sheria hii uliileta wewe. Sisi tulinyoosha mkono tu."

Hakumlazimisha, na asingeweza. Ufunguo ulikuwa na mtu mmoja. Angekaa nao mfukoni, Jumamosi ingepita, huenda adui angechukua mji na huenda asingechukua, na muungano ungemnunia. Kununiwa na watu saba usiowajua si jambo la kumzuia mtu aliyeliliwa na watoto miaka thelathini na moja.

"Ngoja Jumatatu," mkutubi alisema.

"Ngoja," dada naye alisema, kwa mara ya kwanza akikubaliana na mtu. "Maiti haina haraka, kama ndiyo maiti."

Lakini Mama Mizani alikuwa amekwisha soma ile barua kwa njia yake. Mtu aliyeandika namba tupu mwaka mzima haandiki mistari kumi na moja kusema anakwenda dukani. Herufi zimetikisika, mkono huo unaumwa. Ametuma Ijumaa, Jumamosi hayupo. Hiyo ni barua ya kuaga. Na mstari umelala wiki tatu. Ni mama wangapi waliokaa kwenye kiti kile wakamwambia ngoja, na aliowasikiliza, mwanzoni mwa kazi, alikuwa akiwakumbuka kwa majina ya watoto wao? Angemwambiaje mtu kwamba mstari hausemi uongo, kisha mstari ukimgusa yeye aseme ngoja, ni meno?

Ijumaa saa saba na dakika kumi mchana, mlango umefungwa, kopo la viazi halijafunguliwa, alifungua lango. Wenzake waliingia. Ghala la kwanza alilomshawishi Jirani kulijenga lilikwenda kwa mtu aliyekuwa na picha ya simba. Ndani ya robo saa pakabaki majani. Jioni alirudi nyumbani, akasema lango amelifungua, na dada, aliyezisikia simu nyingi za namna hiyo, akazima redio na kumpa pole ya msiba.

Jumatatu alasiri mkutubi alikuja kliniki mwenyewe. Hakupiga simu, na Mama Mizani alipomwona mlangoni na bahasha alijua habari si nzuri, ila alikosea ni ya namna gani. Maktaba ilikuwa imefunguliwa. Walikuwa wametafsiri barua kwa Kiingereza, naye akaitia kwenye Kiswahili pembeni, kwa penseli. Alimsomea akiwa amesimama.

"Jirani mpendwa. Nisamehe mwandiko, vitufe vya simu sivioni tena. Naandika kwa lugha yangu maana ya kigeni imenitoka, na wewe utapata njia, wewe ni mtu wa kutafuta. Kesho napelekwa kupasuliwa macho, moja kisha la pili, wiki tatu au nne, na daktari amenikataza simu. Nimepanga misafara: kila asubuhi nafaka yangu yote ya ziada itakuja kwako. Kwa hiyo namba yangu itakuwa sifuri kila siku. Nakujua, sifuri itakutisha. Usitishike, nimeiweka mimi. Nilifundisha hesabu miaka arobaini na sikupata mwanafunzi aliyebisha vizuri kama wewe. Tafadhali usiwaache waugawe mji. Nikifumbua macho nataka kuuona kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya wanangu, lakini hilo usimwambie mtu."

Mkutubi alikunja karatasi. Kutoka chumba cha chanjo mtoto alikuwa analia, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Sifuri kamili," Mama Mizani alisema.

"Nini, mama?"

"Mji ukiachwa, watu huhama. Unashuka. Nukta moja, nukta mbili, unashuka. Huu haukushuka hata siku moja." Alivuta daftari, akaweka kidole kwenye mstari. "Mimi hapa nikiletewa kadi, mtoto kapimwa mara tatu kijijini na uzito ni ule ule, hadi gramu, sitazami mtoto. Namwita karani. Namwambia, wewe, hujapima, umeandika kwa mkono wako. Hakuna kitu kilicho hai au kilichokufa kinachosimama sawasawa wiki tatu. Mpaka mtu akishike." Akafunga daftari. "Wanafunzi wageni huwa nawafundisha hilo siku ya kwanza."

Mkutubi, mwenye vitabu elfu kumi na mbili, aliiweka ile karatasi iliyokunjwa mezani, karibu na rula, akaondoka taratibu.

Aliandika barua usiku huo huo? Hapana, aliandika kesho yake mezani, mchana kweupe, kwa kalamu ya bluu, akaichana, akaandika nyingine. Ilikuwa fupi. Ilisema: Nimefungua lango mimi. Nilidhani umekufa. Hesabu yangu ilikosea na hukuwepo kunisahihisha. Mji uliokuwa wako sasa ni majani, na nafaka yako iko kwangu. Kwenye mchezo haikuwezekana kuituma, kwa maana mtu ambaye mji wake umegawanywa hana sanduku la barua. Mkutubi aliitafsiri na kuipeleka maktaba ya visiwani, akiwaomba waifikishe, kama kuna wa kufikishiwa.

Wiki mbili hazikuleta kitu. Katika wiki hizo Mama Mizani alijiandaa kwa kifo. Alikijua, alimzika mume, alizika wazazi, na kwenye kliniki alikuwa ndiye anayefuta kadi. Msiba una utaratibu wake. Unakaa, unalia, watu wanakuja, watu wanaondoka. Kama Jirani alifia mezani kwa madaktari bila kujua, basi ni huzuni, lakini ni huzuni ambayo mtu anaweza kulala nayo. Hata dada alianza kuwasha redio.

Jibu liliandikwa na mkutubi wa kule, mwanamke, kwa niaba ya mwenyewe. Upasuaji ulikwenda vizuri, macho yote mawili. Jirani ni bibi wa miaka sabini na minne, anaona hadi meli zinazopita mbali. Aliwasha simu siku ile ile waliyomruhusu, wanawe wakiwa wamesimama kando ya kitanda na maua, na akatafuta mji. Barua ya Mama Mizani ameipata na amesomewa mara mbili. Hakukasirika. Ameomba aambiwe kwamba hesabu ilikuwa sahihi kwa taarifa zilizokuwepo. Mchezo ameufuta, kwa kuwa umri wake hauruhusu kuanza na vibanda vitatu. Anamtakia heri.

"Si amesema hakukasirika?" dada alisema baada ya kusomewa. "Sasa unalia nini? Mzima!"

"Mzima," Mama Mizani alikubali.

"Ungetaka afe?"

Alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu alikuwa mtu wa kujibu swali lililoulizwa. "Angekufa ningekuwa nimekosea mara moja tu," alisema. "Yu hai, basi nakosea kila asubuhi anapofumbua macho."

Aliandika barua nyingine mbili. Mkutubi alizipeleka zote, na maktaba ya visiwani ikajibu kwa upole kwamba zimefika. Zaidi ya hapo haikusema, wala yeye hakutuma ya nne.

Mchezo yeye hakuufuta. Siku alipoufungua tena, saa saba mchana, msimu ulikuwa umekwisha hesabiwa, na juu ya kioo chote pakatokea ngao ya dhahabu, tarumbeta zikalia, na maandishi yakasema kwamba kati ya miji elfu arobaini na mitatu, wake ndio uliokua kwa kasi kuliko yote: asilimia 9.4 kwa siku, wiki tatu mfululizo. Chini ya ngao kulikuwa na kitufe kimoja, Pokea. Kitufe cha kukataa watengenezaji hawakukiwazia, na bila kubonyeza hicho ngao haiondoki na mji hauonekani.

Hajabonyeza. Kila mchana anafunga mlango, anafungua kopo, anawasha simu, na ngao inatokea. Anaitazama mpaka viazi vinakwisha. Kisha anaizima, anafungua mlango, na kuita wa mchana.